Hesabu ya kalori: Kutoka maabara ya Boston hadi vichochoro vya Xiaobei

Katika mtaa wa Xiaobei, mjini Guangzhou, kusini mwa China, mfanyabiashara kutoka Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura anayeingia dukani usiku kununua pakiti ya tambi za haraka na chupa ya soda hukutana na tarakimu zinazoweza kumshtua. Nyuma ya pakiti ya tambi pameandikwa 1,900. Ikiwa daktari amemwambia apunguze uzito na asizidishe kalori 1,600 kwa siku, basi pakiti hiyo moja, kwa hesabu ya harakaharaka, imekwisha kuvuka mpaka wa siku nzima. Chupa ya soda, kwa upande wake, inaonesha 170 tu, na inaonekana haina neno.

Hesabu zote mbili ni za makosa. Tarakimu zilizoandikwa kwenye vyakula vya China si kalori bali ni kilojuli, ambazo Wachina huziita qianjiao, na aghalabu ni za kila gramu 100 au mililita 100, si za pakiti au chupa nzima. Kalori moja ya chakula ni sawa na kilojuli 4.184. Kwa hiyo tambi zile zina kalori zipatazo 450 kwa kila gramu 100, ilhali soda ya nusu lita ina kilojuli 850, yaani kalori 200 na ushei. Aliyeziogopa tambi ameziogopa kupita kiasi, na aliyeidharau soda amedanganyika.

Swali la mfanyabiashara huyo, yaani ale kalori ngapi ili apungue, linaonekana kuwa jipya na la binafsi. Lakini majibu anayopewa, iwe na daktari, na simu yake ya mkononi au na rafiki aliyemtangulia, yametokana na historia ya zaidi ya karne mbili, na sehemu kubwa ya historia hiyo haikuwahusu watu wanaotaka kupungua. Iliwahusu wenye njaa, wafanyakazi na wanajeshi.

Xiaobei yenyewe ni sehemu ya wilaya ya Yuexiu. Wafanyabiashara wa Kiafrika walianza kumiminika huko mwishoni mwa miaka ya 1990, baada ya msukosuko wa kifedha wa Asia wa mwaka 1997 kuwafanya baadhi yao wahame kutoka miji kama vile Bangkok na Jakarta. Idadi yao ikazidi kuongezeka baada ya China kujiunga na Shirika la Biashara Duniani, WTO, mwezi Desemba mwaka 2001. Jengo la Tianxiu na kichochoro cha Baohan yakawa majina yanayotajwa na wenye maduka wa Kariakoo na Eastleigh. Mwaka 2014 maofisa wa Guangzhou walisema kuwa Waafrika waliokuwa wakiishi mjini humo walikuwa wapatao 16,000. Mwezi Aprili mwaka 2020, wakati wa janga la korona, ambapo Waafrika wengi walitolewa majumbani na hotelini, hesabu rasmi ilikuwa imeshuka hadi takriban 4,500.

Migahawa ya Waislamu wa Kihui na Wauyghur, inayouza mikate ya naan, tambi za kuvutwa kwa mkono na mishikaki ya kondoo, iliwafaa mno wageni Waislamu kutoka pwani ya Afrika Mashariki, kwa kuwa nyama yake ni halali. Mchana ni wa masoko ya jumla, jioni ni ya kufunga mizigo, na kwa wengi mlo mkubwa ni ule wa usiku, baada ya kazi zote kwisha. Nyumbani, mtu aliyerejea safarini akiwa amenenepa aliambiwa kuwa amenawiri, na maneno hayo yalikuwa ya sifa.

Kulikuwa na sababu nyingine, nzito zaidi, ya watu wa Afrika Mashariki kuogopa kukonda. Mwaka 1985 madaktari walieleza katika jarida la kitabibu la Lancet juu ya ugonjwa uliokuwa ukiwaua watu wa wilaya ya Rakai, kusini mwa Uganda, na ambao wenyeji waliuita Slim kutokana na jinsi ulivyomdhoofisha mgonjwa. Ulikuwa ni UKIMWI. Kwa kizazi kilichokulia katika miaka ya 1980 na 1990, mtu akipungua kilo kumi majirani walinong'ona. Watu wa kizazi hicho ndio waliofungua njia ya Guangzhou, na ndio ambao leo, wakiwa na umri wa miaka 40, 50 au zaidi, wanaambiwa na madaktari kuwa sukari na shinikizo la damu vimepanda, na kwamba hawana budi kupungua. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 ulionesha kuwa asilimia 27 ya watu wazima walikuwa na uzito uliozidi kiasi, na miongoni mwa wanawake walikuwa karibu 4 katika kila 10. Wenyeji wao wa Kichina hawako mbali nao: ripoti ya serikali ya China ya mwaka 2020 ilisema zaidi ya nusu ya watu wazima wa nchi hiyo walikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia.

Kalori ilianza kama kipimo cha joto. Katika majira ya baridi ya mwaka 1782 kuingia 1783, wanasayansi wa Ufaransa Antoine Lavoisier na Pierre-Simon Laplace walimweka simbilisi ndani ya chombo kilichozungukwa na barafu, wakapima maji yaliyotokana na barafu iliyoyeyushwa na joto la mnyama huyo. Walichokithibitisha ni kwamba kiumbe hai huchoma chakula kama vile moto unavyochoma makaa, ila polepole. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, katika miaka ya 1890, Mmarekani Wilbur Atwater alijenga chumba maalumu katika Chuo Kikuu cha Wesleyan, jimbo la Connecticut, ambamo mtu aliweza kuishi siku kadhaa huku joto la mwili wake, pumzi yake, chakula chake na hata kinyesi chake vikipimwa. Kutokana na kazi hiyo zilipatikana tarakimu tatu zinazotumika hadi hii leo: gramu moja ya protini hutoa kalori 4, ya mafuta 9, na ya wanga 4.

Ifahamike kuwa kalori ya Atwater, ambayo ndiyo ya chakula, ni ile kubwa, yaani kilokalori, ambayo Wachina katika mazungumzo huiita daka. Mwaka 1948 mkutano mkuu wa kimataifa wa vipimo na mizani uliamua kuwa joto nalo lipimwe kwa juli, kipimo kilichopewa jina la Mwingereza James Joule. Nchi nyingi ziliendelea na kalori kwa mazoea. China, ilipotunga kanuni ya kitaifa ya maelezo ya lishe kwenye vyakula vilivyofungashwa, iliyoanza kutekelezwa tarehe mosi Januari mwaka 2013, ilichagua kilojuli. Chini ya kanuni hiyo gramu ya protini huhesabiwa kuwa na kilojuli 17, ya mafuta 37, na ya wanga 17. Ni tarakimu zilezile za Atwater katika vazi jingine. Kigezo cha siku nzima kinachotumiwa kukokotoa asilimia za upande wa kulia wa jedwali ni kilojuli 8,400, ambazo ni takriban kalori 2,000. Kigezo hicho ni cha kusomea maandishi ya pakiti tu, wala si agizo kwa mtu yeyote.

Kwa miongo mingi baada ya Atwater, waliohesabu kalori walitaka kujua kiasi cha chini cha chakula kinachomtosha mtu kufanya kazi. Mwaka 1931 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilichapisha uchunguzi wa John Boyd Orr na John Gilks uliolinganisha afya na chakula cha Wakikuyu na Wamasai nchini Kenya. Serikali ya kikoloni ilikuwa na haja na nguvu za vibarua, na lishe ilitazamwa kwa jicho hilo. Miaka minne baadaye wataalamu wa Shirikisho la Mataifa, lililotangulia Umoja wa Mataifa, walikubaliana juu ya kalori 2,400 kwa siku kuwa msingi wa mtu mzima anayeishi maisha ya kawaida bila kazi za mikono. Boyd Orr mwenyewe akaja kuwa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, mwaka 1945, na mwaka 1949 alitunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Inafaa kumtaja hapa mtu ambaye hakumbukwi sana, ingawa maisha yake yaliunganisha pande mbili zinazokutana leo Xiaobei. Mtaalamu Mwingereza Benjamin Platt alifanya kazi katika Taasisi ya Henry Lester mjini Shanghai kuanzia mwaka 1932 hadi 1938, akichunguza beriberi, ugonjwa unaotokana na upungufu wa vitamini B1. Alipotoka huko alitumwa Nyasaland, yaani Malawi ya leo, kuongoza uchunguzi wa lishe vijijini. Mwaka 1945 alichapisha majedwali ya thamani za vyakula vinavyoliwa katika nchi za joto, ambayo yalitolewa upya mwaka 1962 na kutumiwa kwa miaka mingi katika makoloni ya Afrika na hata baada ya uhuru. Hivyo, miongo sita kabla ya makontena ya Xiaobei, ujuzi wa kupima chakula ulikwisha kusafiri kutoka China hadi ukanda wa Ziwa Nyasa. Wachina wenyewe hawakumsubiri Platt. Mwanabiokemia Wu Xian, aliyefundisha katika chuo cha tiba cha Beijing, alikwisha kuanza katika miaka ya 1920 kukusanya thamani za vyakula vya Kichina.

Baada ya mapinduzi ya mwaka 1949 China ilikuja kuifanya hesabu hiyo kuwa sheria ya maisha. Mwezi Agosti mwaka 1955 serikali ilitangaza utaratibu wa mgao wa nafaka mijini ambao uliwagawa watu katika madaraja tisa kwa kazi na umri wao: mfanyakazi wa kazi nzito kabisa alipata nafaka nyingi zaidi, wa ofisini kidogo, mtoto mchanga kidogo zaidi. Tiketi za nafaka zilizotolewa chini ya utaratibu huo zilikomeshwa rasmi mwaka 1993, miaka michache tu kabla ya Waafrika wa kwanza kufungua ofisi Xiaobei. Neno kalori halikuhitajika. Lakini wazo la kwamba mahitaji ya mtu hupatikana kwa kutazama kwanza mwili wake, kisha kazi yake, ndilo hilohilo linalotumiwa na kila programu ya simu inayokokotoa chakula cha kupunguza uzito.

Kuigeuza hesabu ya njaa kuwa hesabu ya kupungua kulianza Marekani. Mwaka 1918 daktari wa kike wa California, Lulu Hunt Peters, alichapisha kitabu kidogo kilichowafundisha wanawake kukiita chakula kwa kalori zake: si kipande cha mkate tena, bali kalori 100 za mkate. Ulikuwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na kula kidogo kulihesabiwa kuwa uzalendo. Kitabu hicho kiliuzwa kwa mamilioni, na kiwango cha kalori 1,200 kwa siku alichokipendekeza kwa wanaotaka kupungua bado kinasikika vinywani mwa watu, pasipo kuulizwa kilimfaa nani.

Mwaka uliofuata, 1919, James Arthur Harris na Francis Benedict walichapisha kanuni iliyotokana na vipimo vya maabara ya lishe mjini Boston. Walipima nishati ambayo mtu huitumia akiwa amelala kimya bila ya kula, kwa wanaume 136, wanawake 103 na watoto wachanga 94. Kutokana na watu hao wachache wa Marekani, dunia ikapata njia ya kukisia mahitaji ya mtu yeyote kwa kujua uzito, urefu, umri na jinsia yake. Mwaka 1985 mashirika ya Umoja wa Mataifa yalitumia kanuni nyingine, za Schofield, zilizotegemea vipimo zaidi ya 7,000. Hata hivyo karibu nusu ya vipimo hivyo vilikuwa vya Waitalia, wengi wao wanajeshi na vijana wa enzi za kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, na baadaye watafiti waligundua kuwa kanuni hizo huwakadiria watu wa nchi za joto kuliko inavyostahili. Ndipo mtaalamu Jeya Henry, aliyekuwa Oxford, alipotoa mwaka 2005 kanuni mpya kutokana na vipimo 10,552, vikiwemo zaidi ya 4,000 vya watu wa nchi za joto, na vile vya Waitalia vikiwa vimeondolewa.

Kanuni inayotumika sana katika kliniki za leo ni ya Mifflin na St Jeor ya mwaka 1990, nayo ni rahisi kwa mtu mwenye kalamu na karatasi. Uzito kwa kilo huzidishwa kwa 10. Urefu kwa sentimita huzidishwa kwa 6.25, hivyo viwili vikijumlishwa, huondolewa umri uliozidishwa kwa 5. Mwanamume huongeza 5 na mwanamke hupunguza 161. Chukua mfano wa mwanamke mfanyabiashara mwenye umri wa miaka 40, kilo 80 na urefu wa sentimita 160. Hesabu yake ni 800 na 1,000, kuondoa 200, kuondoa 161, jawabu 1,439. Kwa kanuni ya Boston ya mwaka 1919 mwanamke huyohuyo angepata karibu 1,530. Tofauti ya kalori 90 si kubwa, na kama mambo yangeishia hapo pasingekuwa na la kuhangaisha.

Tatizo liko katika hatua inayofuata, ambayo watu wengi huipita kwa kuandika lolote. Nishati hiyo ya mwili uliolala lazima izidishwe kwa kipimo cha kazi. Kwa mujibu wa wataalamu wa FAO na Shirika la Afya Duniani, WHO, anayekaa muda mwingi huzidisha kwa 1.4 hadi chini ya 1.7, na mwenye harakati huanzia 1.7. Bibi huyo wa Xiaobei atajiweka wapi? Anapanda na kushuka ngazi za majengo ya jumla, anatembea kutoka Baohan hadi kituo cha treni za chini ya ardhi, anabeba sampuli. Akijiita mwenye harakati, mahitaji yake yanakuwa kalori 2,446. Akijiita mkaaji, ni 2,015. Tofauti ni zaidi ya kalori 430, na ushauri wa kawaida wa kupungua ni kuondoa kalori 500 kwa siku. Ina maana kwamba neno moja la kujisifu linaweza kumeza karibu mfungo wote, naye akabaki akishangaa kwa nini mizani haisogei.

Ushahidi mzito juu ya jambo hili ulitoka Tanzania. Mwezi Julai mwaka 2012 kikundi cha watafiti kilichoongozwa na Herman Pontzer, na ambacho alikuwemo mwanaakiolojia Mtanzania Audax Mabulla, kilichapisha matokeo ya kuwapima Wahadzabe 30 wanaoishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi karibu na Ziwa Eyasi. Walitumia maji maalumu yaliyotiwa alama, ambayo mtu huyanywa na kisha mkojo wake huonesha ni nishati kiasi gani aliyoitumia kwa siku kadhaa za maisha yake ya kawaida. Wanaume wa Kihadzabe walitembea zaidi ya kilomita 11 kwa siku na wanawake karibu 6. Ilitarajiwa kuwa wangetumia nishati nyingi mno kuliko watu wa mijini Ulaya na Marekani. Baada ya ukubwa wa miili kuzingatiwa, hapakuwa na tofauti. Wanaume walitumia takriban kalori 2,650 kwa siku na wanawake 1,880.

Pontzer na wenzake waliona kuwa mwili uliozoea mwendo mwingi hubana matumizi yake mahali pengine. Wapo wanaobishana naye juu ya ukubwa wa ubanaji huo. Lililo wazi ni kwamba kutembea masoko mchana kutwa hakumpi mtu hati ya kula sahani ya ziada usiku. Mwendo una faida nyingi kwa moyo na kwa sukari ya damu, lakini kama njia ya kuchoma chakula ni dhaifu kuliko inavyodhaniwa. Aidha, utafiti mwingine wa kundi hilohilo, uliochapishwa mwaka 2021 na kuwahusisha watu zaidi ya 6,400 wa nchi 29, uliondoa kisingizio kingine kinachopendwa: kati ya umri wa miaka 20 na 60, matumizi ya nishati, yakilinganishwa na ukubwa wa mwili, hayashuki.

Kisha kuna ahadi ya muda. Mwaka 1958 daktari Max Wishnofsky wa New York aliandika kuwa ratili moja ya uzito wa mwili ni sawa na kalori 3,500, ambazo kwa kilo ni takriban 7,700. Kwa hesabu hiyo, anayepunguza kalori 500 kila siku atakuwa amepoteza karibu kilo 24 mwisho wa mwaka. Ahadi hiyo imevunja mioyo ya wengi. Mwili unapopungua mahitaji yake nayo hupungua, kwa hiyo pengo la kalori 500 la mwezi wa kwanza si la 500 tena mwezi wa kumi. Mwaka 2011 Kevin Hall na wenzake walieleza katika Lancet kanuni iliyo karibu zaidi na ukweli, na kwa bahati njema waliiandika kwa kilojuli, lugha ya pakiti za China: kila kilojuli 100 zinazopunguzwa kwa siku, na kuendelea kupunguzwa, hatimaye huondoa kilo moja hivi. Nusu ya upungufu huo hupatikana katika mwaka wa kwanza, na karibu wote katika miaka mitatu.

Kwa kanuni hiyo soda ya nusu lita kila siku, yenye kilojuli 850, ni sawa na kilo 8 au 9 za mwili katika miaka kadhaa. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia, chenye kilojuli zipatazo 500, ni kilo 5. Na kalori 500 za bibi yule, ambazo ni kilojuli 2,100 hivi, hazitampa kilo 24 kwa mwaka, bali 10 hivi, nyingine zikifuata polepole. Kilo 10 kwa mtu wa kilo 80 si jambo dogo kwa kisukari na shinikizo la damu. Lakini aliyeahidiwa 24 akapata 10 hujiona ameshindwa, naye huacha.

Wafanyabiashara wa Xiaobei wanaijua vyema tofauti kati ya makadirio na uzito halisi. Wakala wa mizigo hukisia kwanza, na malipo hufanywa kwa uzito uliosomwa mizanini. Kanuni za kalori zastahili kutendewa hivyohivyo. Bibi yule anaweza kuanza na kalori 1,500 au 1,600, ajipime kwa wiki tatu au nne, kisha arekebishe kwa kutazama mwelekeo, si kipimo cha siku moja, kwani bakuli moja la tambi zenye mchuzi wa chumvi huweza kuzuia maji mwilini na kumwongezea kilo nzima kesho yake asubuhi. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari hapaswi kupunguza chakula kabla ya kuonana na daktari, kwa sababu dawa ile ile juu ya chakula kidogo huweza kumwangusha.

Hata mizani yenyewe ina mambo yake nchini China. Mchina akiulizwa uzito wake aghalabu hujibu kwa jin, ambayo ni nusu kilo, na kwa hiyo kilo 80 huwa 160. Mipaka nayo ni tofauti. WHO huhesabu kuwa uzito umezidi pale ambapo kilo zikigawanywa kwa mraba wa urefu wa mita hufikia 25, na unene wa kupindukia ni 30. Wataalamu wa China, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, hutumia 24 na 28, kwa vile kisukari na maradhi ya moyo yalionekana kuwaanza watu wao mapema zaidi. Mtu wa sentimita 165 na kilo 66 aliyepanda ndege Dar es Salaam akiwa na uzito wa kawaida hushuka Guangzhou akiwa amezidi.

Mwaka 2024 China ilianzisha kampeni ya kitaifa ya miaka mitatu ya kudhibiti uzito, na wizara yake ya afya ikatoa mwongozo wa chakula kwa watu wazima wanene, wenye orodha za milo kwa kila eneo la nchi, yakiwemo maeneo ya kusini iliko Guangzhou. Milo hiyo ni ya wali, samaki wa kuchemsha na mboga za Kikantoni. Tanzania nayo ina majedwali yake, yaliyotolewa mwaka 2008 na Chuo Kikuu cha Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Chuo Kikuu cha Harvard, ambamo mna ugali, dagaa na mchicha. Sahani ya usiku ya Xiaobei haimo kikamilifu katika kitabu chochote kati ya hivyo: naan ya Wauyghur, nyama ya kondoo iliyokaangwa kwa mafuta yasiyopimwa, na pengine wali uliopikwa na jirani kutoka Tanga kwa mchele wa Guangdong. Mwenye kutaka hesabu iliyo karibu na ukweli hupima mchele na unga vikiwa vikavu, kabla ya kutiwa maji, maana gramu 100 za mchele mkavu zina kalori zipatazo 350 ilhali wali uliokwisha kuiva una 130 tu kwa uzito uleule. Mafuta hupimwa kwa kijiko kabla ya kumiminwa sufuriani. Mkahawani, ambako hakuna pakiti ya kugeuza wala qianjiao za kusoma, mgeni hubaki na makadirio yake, na mizani ya Jumamosi.